Mtaro wa wazi, bomba la chini, bwawa au kunywesha ardhi: mji mdogo uchague nini kupambana na mafuriko?

Mvua kubwa ikishapita maneno ni yaleyale, tujenge mitaro mikubwa, alafu mwingine anasema hapana tuweke mabomba chini maana mitaro inanuka, mwingine kaona video ya bustani zinazokunywa maji anasema hiyo ndo ya kisasa, na kikao kinaisha hamna kilichoamuliwa mpaka mvua inayofuata. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka mingi, kazi yangu ni mitaro na makalavati, na naandika hii kwa mtu yeyote wa mji mdogo aliyekwama kwenye kuchagua: diwani, injinia aliye peke yake ofisi nzima, mjumbe wa kamati ya mtaa, au mkazi tu aliyechoka kupandisha magodoro juu ya meza kila msimu wa mvua.

Njia ziko nne kubwa na zote nimeziona zikifanya kazi na zote nimeziona zikishindwa. Sio kwamba ziko mbaya na nzuri, inategemea mji wenu umekaaje.

VIGEZO KWANZA

Kabla ya kuchagua chochote hesabu maji, na hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwahiyo mvua ya milimita 50 kwenye hekta moja ni lita 500,000, na hiyo ni hekta moja tu. Kuna kanuni ya zamani wahandisi bado wanaitumia, Emil Kuichling aliiandika Marekani mwaka 1889, na kwa eneo dogo inatosha mpaka leo: chukua nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, zidisha kwa kipimo cha uso wa ardhi, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Hicho kipimo cha uso ndo penyewe. Eneo la majani na miti linaweza kuwa 0.2, yaani sehemu moja ya tano ya mvua ndo inayokimbia juu ya ardhi, wakati eneo la mabati, lami na zege linafika 0.8 au zaidi. Sasa chukua hekta 10 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Ikiwa ni majani unapata kama mita za ujazo 0.33 kwa sekunde, ikishajengwa yote unapata 1.33. Wingu ni lilelile ila mtaro uliokuwa unatosha sasa unatakiwa ubebe mara nne. Ndo maana unamsikia mzee anasema zamani zilinyesha kubwa kuliko hii na hatukufurika, na mzee hasemi uongo, kilichoongezeka kwa kiasi kikubwa ni mabati. Ingawa mvua nazo usizidharau, hewa ikipanda joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwahiyo usipime mtaro wa kesho kwa mvua za jana peke yake.

Pili mkubaliane mnajengea mvua ya ukubwa gani. Wataalam wakisema "mvua ya miaka 10" hawamaanishi inakuja alafu inapumzika miaka 10, wanamaanisha kila mwaka ina nafasi 1 kati ya 10 ya kunyesha, inaweza kuja mwaka huu na mwakani tena. Ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 65. Mitaro ya mitaani mara nyingi inapimwa kwa mvua ya miaka 2 mpaka 10, hivo njia yoyote mtakayochagua kuna siku itazidiwa, na swali la kumuuliza injinia ni hili: siku ikizidiwa maji yatapita wapi? Kama hana jibu, au jibu ni sebuleni kwa watu, michoro irudi mezani.

Baada ya hapo kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: ardhi na nafasi, pesa, usafi (yaani nani ataitunza), hatari kwa watu, na wa bondeni, kwa maana ya wale wanaopokea maji yenu. Hicho cha mwisho kinasahaulika sana na mimi nakiona ndo kizito kuliko vyote, maana maji hayapotei, unayahamisha tu, na ukiyahamisha vibaya unamhamishia mwenzio msiba.

MTARO WA WAZI

Ardhi na nafasi: unataka mteremko kiasi na ukanda wa ardhi pembeni ya barabara. Mteremko ukiwa mkali sana mtaro wa udongo mtupu unaliwa, maji yakifika kasi ya kama mita 1 kwa sekunde na kuendelea udongo mwingi unaanza kung'oka, na baada ya misimu michache mtaro unageuka korongo linaloifuata barabara. Hapo ndo unaweka majani, mawe au zege, na vizuizi vidogo vya ngazi kupunguza kasi. Kwenye tambarare tatizo ni kinyume, maji yanalala, tope linatulia.

Pesa: ndo rahisi kujenga kuliko zote, na mafundi wa hapohapo mjini wanaiweza bila kuleta mkandarasi mkubwa.

Usafi: hapa mtaro wa wazi una faida watu hawaioni. Uchafu unaonekana. Ukiziba, mtu yeyote anayepita anajua umeziba na umeziba wapi, na wa kuzibua anahitaji koleo, toroli na buti, basi. Ubaya wake ni kwamba kwa sababu uko wazi watu wanaugeuza jalala, na mji usiokusanya taka ukajenga mtaro umejenga dampo refu. Nalisema hili kwa uchungu, nimeona mtaro mpya wa mawe, kazi safi kabisa, umejaa mpaka juu kabla ya mvua ya kwanza kwa sababu gari la taka lilikuwa halifiki mtaa ule.

Hatari: mtoto anatumbukia, mtu mzima anatumbukia usiku, na siku ya mafuriko maji yakifunika barabara na mtaro kwa pamoja hakuna anayejua ukingo uko wapi. Maji ya sentimita 15 tu yakiwa na kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Weka mifuniko ya slabu mbele ya shule, zahanati na soko, na nguzo fupi kuonyesha ukingo.

Wa bondeni: zege linaharakisha maji. Ninyi mnapona dakika 20 mapema, wao wanapokea yote kwa mkupuo.

Unamfaa nani: mji wenye pesa kidogo, wenye nguvu kazi, wenye barabara bado pana, na wenye mpango wa taka unaofanya kazi.

BOMBA LA CHINI YA ARDHI

Ardhi na nafasi: hili linafaa pale pasipo na nafasi kabisa, mtaa wa katikati ya mji maduka yamebanana na barabara ni nyembamba. Juu watu wanatembea, magari yanapaki, maji yako chini. Mteremko lazima uwepo wa kutosha maji yaende angalau kama sentimita 60 mpaka 90 kwa sekunde, chini ya hapo mchanga unabaki ndani.

Pesa: ghali. Kuchimba, mabomba, chemba, kurudishia barabara. Lakini kuna kitu kimoja cha kujua kabla hamjabana bajeti kwenye kipenyo: kwa mteremko uleule bomba la sentimita 60 linabeba kama mara 6 ya bomba la sentimita 30, sio mara 2 kama watu wanavyodhani. Na gharama ya kuchimba haibadiliki sana. Kwahiyo anayepunguza kipenyo ili aokoe hela, amepunguza kidogo kwenye hela na sana kwenye maji, na bomba dogo ndo linaloziba mapema.

Usafi: hapa nataka kukaa kidogo maana ndo miji midogo inapoumia. Kuna siku tuliitwa mtaa mmoja unafurika kila mvua japo una bomba zuri, jipya jipya, watu wanalalamika kwamba bomba ni dogo na wanataka la pili. Tukafungua chemba ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu mfuniko ulikuwa umefunikwa na lami wakati wa kukarabati barabara, tukautafuta kwa nondo tukigonga chini mpaka ukalia tofauti. Tulipoung'oa tukakuta tope mpaka usawa wa bega la bomba, na juu ya tope kuna godoro la sponji limekunjwa kama chapati, likiwa limeshika chupa, matambara na matawi nyuma yake. Godoro moja. Tulilitoa kwa kamba watu wanne, na msimu ule mtaa haukufurika tena. Ramani ya lile bomba haikuwepo popote, aliyekuwa anajua chemba ziko wapi ni fundi mmoja mzee aliyeshiriki kulijenga na alikuwa karibu kustaafu. Kwahiyo ukichagua bomba unachagua pia: ramani inayotunzwa, vichujio vya nondo kwenye midomo ya kuingilia maji (viwe vya mlalo wa kuinama ili uchafu upande juu maji yapite chini, sio vya kusimama wima), chemba kila baada ya umbali mfupi na kila kona, na bajeti ya kufungua kila chemba angalau mara moja kabla ya msimu. Hamna hayo, bomba litawazika na pesa zenu.

Alafu kuna watu wanaounganisha maji ya choo kwenye bomba la mvua kimyakimya usiku. Kwenye mtaro wa wazi utanusa kesho yake. Kwenye bomba utajua siku kinyesi kimetokea barabarani na mafuriko.

Hatari: ndogo kwa mpita njia, ila mfuniko ukiibiwa au ukipaa kwa presha ya maji unakuwa mtego mbaya, maana barabara ikijaa maji shimo halionekani. Na mfanyakazi asiingie kwenye chemba peke yake kamwe, hewa ya mle ndani inaua.

Wa bondeni: sawasawa na mtaro wa zege, yanafika haraka na kwa nguvu, tena yanatoka sehemu moja. Mdomo wa kutokea bila mawe ya kuvunja kasi unachimba shimo na mwisho unabomoa bomba lenyewe kuanzia mwishoni kurudi nyuma.

Linamfaa nani: mji wenye katikati iliyobanana, wenye kipato cha uhakika cha kila mwaka cha matunzo, na wenye mtu ofisini ambaye kazi yake ni hiyo.

BWAWA LA KUCHELEWESHA MAJI

Wazo lake ni tofauti kidogo, badala ya kuyafukuza maji unayaambia yasubiri. Unachimba au unajenga tuta, maji yanaingia kwa wingi na yanatoka kwa tundu dogo polepole, kilele cha mafuriko kinakatwa.

Ardhi na nafasi: ndo gharama yake kubwa. Linataka eneo, na liwe mahali maji yanapita yenyewe, sio pale ambapo kiwanja kimebaki. Lakini eneo hilo linaweza kuwa na kazi nyingine siku za jua. Rotterdam kule Uholanzi walifungua uwanja wa Benthemplein mwaka 2013, watu wanacheza mpira wa kikapu pale siku za kawaida na mvua ikija uwanja unashika kama lita milioni 1.7. Mji mdogo hauhitaji ufundi wa namna ile, uwanja wa mpira wa majani ulioshushwa mita moja chini ya barabara unafanya kazi hiyohiyo.

Pesa: kuchimba ni greda na kijiko siku kadhaa, sio kazi ya ajabu. Ardhi kama ni ya halmashauri tayari, hii inaweza kuwa nafuu kuliko bomba. Kama ni ya kununua kwa watu, hesabu inageuka kabisa.

Usafi: kazi ni chache ila hazisameheki. Tope la chini litolewe kila baada ya miaka kadhaa, tuta lisiote miti mikubwa maana mizizi inalipasua, na tundu la kutokea likaguliwe kila mvua. Nimeshawahi kusimama juu ya tuta jioni, mvua imekata, watoto walikuwa wanacheza mpira mle ndani asubuhi yake, na maji yanaendelea kupanda wakati yalitakiwa yashuke. Kilichokuwa kimeziba ni mfuko mmoja wa plastiki umejibandika kwenye chujio. Kijana mmoja akauvuta kwa mti mrefu wenye ndoano, ukasikia maji yanavutwa kwa mngurumo, na baada ya saa moja majani ya uwanjani yakaanza kuonekana. Tangu siku ile siwezi kupitisha mchoro wa bwawa lenye tundu moja bila njia ya dharura ya kumwagia maji pembeni, pana na iliyojengwa kwa mawe, kwa ajili ya siku tundu likiziba.

Hatari: uzio au kingo za mlalo mpole ili aliyetumbukia atoke mwenyewe. Mbu watu wanauliza sana na wana haki, jibu ni kwamba mbu anahitaji kama siku 7 mpaka 10 kutoka yai mpaka kuruka, kwahiyo bwawa linalokauka ndani ya saa 72 halizalishi mbu, bwawa lililoziba linazalisha. Na tuta likivunjika ni hatari kuliko kama lisingekuwepo, hivo lipimwe na mtu aliyesomea.

Wa bondeni: hapa ndo linashinda mengine, wa chini wanapokea maji kidogokidogo.

Linamfaa nani: mji wenye eneo la wazi juu yake au pembeni ya kijito, na wenye majirani chini ambao tayari wanafurika.

KUNYWESHA ARDHI

Hii ni familia ya vitu vidogo vingi: mifereji mipana ya majani, bustani zilizoshuka chini kidogo kupokea maji ya paa, mashimo ya changarawe, pevingi zenye nafasi ya kupitisha maji, matangi ya kukinga maji ya bati, miti.

Ardhi na nafasi: uliza udongo kabla hujauliza kingine. Mchanga unanywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, mfinyanzi unanywa milimita 1 mpaka 5 tu. Jaribio ni la siku moja: chimba shimo, lijaze maji, liache linywe, jaza tena, pima linashuka kiasi gani kwa saa. Fanya wakati wa mvua sio kiangazi, maana kama maji ya chini ya ardhi yako karibu (chini ya kama mita 1 kutoka kitako cha shimo) hakuna pa kuyapeleka. Na shimo la kunywesha likae angalau kama mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na lisiwekwe kabisa juu ya mteremko unaoporomoka.

Pesa: unaweza kuanza na kidogo sana, mtaa mmoja, shule moja, paa moja. Hakuna nyingine inayokubali hivyo, nusu ya bomba haisaidii mtu lakini bustani 10 kati ya 100 tayari ni kitu.

Usafi: mwingi ila mwepesi. Pevingi za kupitisha maji zikijaa vumbi zinakuwa zege la kawaida, zifagiliwe. Mashimo ya changarawe yawekewe sehemu ya kutuliza mchanga mbele. Na sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa wenye nyumba, kama hawajashirikishwa toka mwanzo baada ya miaka mitatu bustani zimefukiwa.

Hatari: ndogo kuliko zote.

Wa bondeni: wanafurahi, na visima vinapata maji pia. Ila tuwe wakweli kuhusu mpaka wake. Inapunguza mvua ndogo na za kati vizuri sana, mvua kubwa kabisa inaizidi. Zhengzhou kule China ni mji uliokuwa umewekeza kwenye miundo ya namna hii, na tarehe 20 Julai 2021 ilinyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja, udongo wa kawaida wa mjini haumezi kiasi hicho kwa saa moja.

Inamfaa nani: mji unaokua sasa hivi, ambao bado haujafunikwa, wenye udongo unaonywa na watu walio tayari kushiriki.

MARA NYINGI JIBU NI MBILI KWA PAMOJA

Mji mdogo wa Pickering kaskazini mwa Uingereza, wenye watu kama 7,000, ulifurika 1999, 2000, 2002 na 2007. Ukuta wa kuzuia mto ulionekana ni gharama kubwa mno kwa mji wa ukubwa ule, kwahiyo wakapanda juu kule maji yanakotoka, wakaweka vizuizi vya magogo vinavyovujisha kwenye vijito, wakapanda miti, na juu ya mji wakajenga tuta linaloweza kushika kama mita za ujazo 120,000. Desemba 2015 mvua kubwa ilipoipiga kaskazini mwa Uingereza miji mingi ikafurika, wao hawakufurika, na tathmini ya baadaye ilikadiria kilele cha maji kilipungua kwa asilimia 15 mpaka 20. Ukiangalia hizo asilimia unaona ni ndogo. Lakini mafuriko mengi ya mjini ni suala la sentimita chache za mwisho, zile zinazotenganisha maji yaliyobaki mtaroni na maji yaliyovuka kizingiti cha mlango.

SASA ANGALIA HALI YENU

Kama mko kwenye mteremko na barabara pana, mtaro wa wazi wenye ngazi za kupunguza kasi, alafu bwawa dogo kabla ya kutoka nje ya mji.

Kama mko tambarare na mto ukijaa maji yanarudi nyuma kwenye mitaro, mtaro mkubwa zaidi hautasaidia, hata bomba halitasaidia, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Hapo ni bwawa la kusubiria, milango ya kuzuia maji yasirudi, na kuacha kabisa kutoa vibali vya kujenga kwenye uwanda wa mto. Hili la vibali halihitaji hata fundi, linahitaji madiwani wasimame imara, na najua ni gumu.

Kama katikati ya mji pamebanana, bomba pale katikati tu, na ramani yake ikabidhiwe ofisini siku ya kukabidhi mradi, sio baadae. Pembezoni endeleeni na mtaro wa wazi.

Kama mji ndo unapanuka, viwanja vipya vinapimwa kila mwezi, wekeni sharti la kunywesha maji ya paa kwenye kila kiwanja sasa hivi kabla mabati hayajafika, na tengeni eneo la bwawa kwenye ramani ya mipango miji likiwa bado pori. Miaka mitano ijayo litakuwa na nyumba na mtalipa fidia.

Kama udongo ni mfinyanzi, kunywesha kuwe nyongeza tu, matangi ya kukinga maji ndo yatawasaidia zaidi kuliko mashimo.

Na kama mwaka huu hamna hela ya kujenga kitu chochote, bado kuna kazi. Tembeeni na mfereji kuanzia kalavati la mwisho kabisa kule chini maji yanapotokea, mkipanda juu mpaka kwenye paa la mwisho, mkichora kila tundu, kila chemba na kila sehemu iliyoziba, na mzibue kwa mpangilio huohuo wa kutoka chini kwenda juu ili mnachokizibua kiwe na pa kupita. Watu sita, wiki mbili, kabla wingu la kwanza.